Kutoka Hospitali Si Kumaliza Matibabu

Mwanamke kijana akiambiwa kuwa ana uvimbe katika kifuko cha mayai, swali la kwanza nyumbani huwa ni la uzazi wake kabla ya maisha yake. Hatulilaumu swali hilo. Tunachosikitikia ni kuwa huulizwa na kila mtu, mgonjwa mwenyewe akawa wa mwisho kusikilizwa.

Utabibu wa leo hauna jibu moja tu la kuondoa kila kitu. Uvimbe ukiwa wa upande mmoja na haujatambaa, hasa ule ulio mpakani baina ya uvimbe wa kawaida na saratani, daktari aweza kuondoa kifuko kimoja pamoja na mrija wake, akauacha mji wa uzazi na kifuko cha pili. Kifuko kimoja kilicho kizima chaweza kuleta hedhi na mimba.

Lakini kilichobakizwa ndicho kinachohitaji ulinzi. Uvimbe wa mpakani huweza kurudi, na mara nyingi hurudi katika kifuko hicho hicho. Ikiwa ulitolewa uvimbe peke yake na kifuko kikaachwa, hatari ya kurudi huzidi. Faraja ni kwamba ukirudi, kwa kawaida huwa ni ule ule wa mpakani, nao hutibika kwa kupasuliwa tena, maadamu umeonekana mapema. Waweza kurudi hata baada ya miaka 10, mama amekwishapata watoto wake na kovu amelisahau.

Hapo ndipo tunapowageukia wakubwa wa Afya. Mwanamke wa Micheweni aliyepasuliwa Unguja, au aliyevushwa hadi Dar es Salaam, hurudi kwao na miadi mkononi. Nauli ya boti, ya gari, na ya mtu wa kumsindikiza, si mzigo mdogo kwa mtu asiyehisi maumivu yoyote. Rai yetu ni kwamba uchunguzi huo wa ultrasaundi ufanyike Pemba kwenyewe, liwekwe daftari la wagonjwa wa namna hii, na asiyefika atafutwe.

Aidha, uvimbe unaotolewa usiishie kwenye bakuli la kuonyeshwa jamaa. Upelekwe maabara, na majibu yake apewe mgonjwa kwa maandishi ayahifadhi pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Daktari atakayempokea miaka ijayo atayaulizia kabla ya kumgusa.