Dawa za Moyo: Uliza Mfamasia

Hapa kwetu Kondele nimewasikia wazee waliopatwa na mshtuko wa moyo wakisema, "Mimi nimeshapona, dawa za nini tena?" Hapo ndipo hatari ilipo. Aspirini huzuia damu isigande mishipani, nayo statini hupunguza kolesteroli. Ukiziacha, mshipa waweza kuziba tena, hata kama husikii maumivu yoyote. Mfamasia hukuandikia saa za kumeza, hukueleza ufanyeje dawa ikikusumbua, na hukuonya usijinunulie ovyo vidonge vya maumivu kama diklofenaki, maana huweza kuudhuru moyo. Basi mwanafunzi mwenzangu, ukitumwa kemisti kumchukulia babu dawa zake, usiondoke kimya. Uliza! Kuuliza si ujinga.