Mtoto mwenye hali ya Down: nani alaumiwe?

Mtoto akizaliwa na macho yaliyopanda pembeni, uso bapa na mwili mlegevu, maneno huwa mengi. Huyu atasema mama amerogwa, yule atasema ni laana ya ukoo. Wazazi wa Galula na Songwe yote, mwezi huu tuitazame sababu yenyewe.

Sababu ni nini?

Karibu kila chembe hai ya mwili ina kromosomu 46 zinazobeba urithi: 23 za baba na 23 za mama. Kila kromosomu ina mahali palipobana kama kiuno, paitwapo sentromia. Chembe inapogawanyika, nyuzi nyembamba hushika hapo na kuzivuta kromosomu, kila moja upande wake.

Jeni iitwayo CENPA huongoza utengenezaji wa protini inayotia alama kwenye kiuno hicho. Pasipo alama hiyo, nyuzi hazina pa kushika. William Earnshaw na Naomi Rothfield waliitambua protini hiyo nchini Marekani mwaka 1985, kwa kutumia damu ya wagonjwa wa ngozi kukakamaa. Protini nyingine huzifunga kromosomu pamoja mpaka wakati wa kuachana.

Mayai ya mwanamke huanza kutengenezwa yeye mwenyewe akiwa bado tumboni, kisha hungoja miaka mingi. Kadiri umri unavyosogea, vifungo hivyo hulegea. Hapo kromosomu mbili za namba 21 zaweza kwenda upande mmoja, na mtoto akapata tatu badala ya mbili. Jérôme Lejeune na wenzake wa Paris walilitangaza jambo hili mwaka 1959. Mama wa miaka 35 huzaa mtoto wa namna hii mara 1 hivi katika 350. Wa miaka 40, mara 1 katika 100. Hata mama kijana huweza kumpata, na pengine kosa hilo hutokea katika mbegu ya baba. Basi, hakuna wa kulaumiwa.

Wazazi wafanye nini?

1. Mpelekeni hospitali apimwe moyo mapema, kwani karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo. Apimwe pia masikio na macho.
2. Mnyonyesheni kwa subira, hunyonya polepole.
3. Apate chanjo zote.
4. Msimfiche. Aongeleshwe, acheze na wenzake, aende shule. Atachelewa, lakini atajifunza.