Ukweli na Heshima ya Kazi: Falsafa ya Maadili katika Wahusika wa Tamthilia ya Vichekesho ya Papa Shirandula

1.0 Utangulizi

Vichekesho vya runinga katika Afrika Mashariki huchukuliwa na wengi kuwa burudani tu. Makala haya yanaonesha kwamba mhusika wa kuchekesha anaweza kubeba swali zito la kimaadili. Kielelezo ni tamthilia ya Papa Shirandula, iliyoanza kurushwa na Citizen TV ya Kenya mwaka 2007, ambamo mhusika mkuu aliigizwa na Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020. Swali la msingi ni hili: je, kosa ni la Papa anayesema uongo, au limeanzia kwa jamii inayompima mtu kwa kazi yake?

2.0 Uongo wa Papa mbele ya mizani ya wanafalsafa

Papa ni mlinzi. Mkewe, Wilbroda, aliyeigizwa na Jacqueline Nyaminde, anaamini kuwa mumewe ana kazi ya ofisini. Mtazamaji anaujua ukweli ambao Wilbroda haujui, na kinaya hicho ndicho kinachozaa kicheko.

Kwa mujibu wa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, kanuni ya mtendaji haina budi kufaa kuwa sheria ya watu wote. Kila mwanandoa akificha kazi yake, neno la mwenza halitaaminika tena. Mtazamo wa John Stuart Mill, unaopima tendo kwa matokeo yake, unaweza kuonekana kumtetea Papa, kwa kuwa uongo wake unalinda amani ya nyumbani. Hata hivyo, amani hiyo ni ya mkopo, kwani uongo mmoja hudai mwingine wa kuulinda. Ndiyo maana Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi.

Aristotle anamkaribia zaidi mhusika huyu. Kwake, ukweli ni wastani kati ya majivuno na kujidunisha, na anayejikweza kwa kutaka heshima halaumiwi sana kama anayejikweza kwa kutaka fedha. Papa hatafuti fedha kwa uongo wake, anatafuta heshima. Hapo ndipo lawama inapoanza kuihusu pia jamii inayoigawa heshima hiyo.

3.0 Mwangwi wa suala hili Kirua Vunjo

Suala hili halikomei Kenya. Kirua Vunjo, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, vihamba vya migomba na kahawa vimegawanywa kizazi hadi kizazi mpaka vikawa vidogo, na vijana wengi huenda kutafuta riziki Moshi, Arusha, Dar es Salaam na kwingineko. Desemba wengi hurejea kwa Krismasi. Kurejea huko ni mtihani: nyumba iliyojengwa, gari na mchango wa mtu katika mambo ya ukoo huchukuliwa kuwa ushahidi wa mafanikio. Mlinzi anayepanda mlima kwenda kwao katika mazingira hayo hukabiliwa na kishawishi kilekile cha Papa, ingawa Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kuhimiza kwamba kila mwenye uwezo aishi kwa jasho lake.

4.0 Utu kama jibu

Falsafa ya utu humtazama mtu katika uhusiano wake na wenzake. Kwa msingi huo, kosa lina pande mbili. Papa anamnyima Wilbroda nafasi ya kumheshimu jinsi alivyo. Jamii nayo inamnyima Papa nafasi ya kujitambulisha bila kudharauliwa. Mhusika Awinja, mfanyakazi wa nyumbani, anakamilisha hoja hii: kazi yake inajulikana na wote, naye husema na kuchekesha bila kuificha.

5.0 Hitimisho

Kugawanya lawama hakumwondolei Papa wajibu wa kusema kweli. Kunaonesha tu kwamba maadili ya ukweli hayawezi kudaiwa kwa mlinzi ilhali kazi yake inabezwa. Anayemcheka Papa kwa kuionea haya sare yake hana budi kujiuliza yeye mwenyewe humsalimu vipi mlinzi wa mlangoni pake.