Utepe wa Njano kwenye Kifaru: Mapinduzi ya Amani Yalivyoonekana na Mgeni na Mwenyeji wa Thailand

Wanajeshi wa Gabon walipomwondoa Rais Ali Bongo tarehe 30 Agosti 2023, video za wakazi wa Libreville wakicheza barabarani na kuwakumbatia askari zilifika kwenye simu zetu siku hiyo hiyo. Jioni, mezani, mjadala ukawa mrefu. Wengi wetu tuliuliza swali ambalo tunajua linaulizwa pia katika jumuiya ndogondogo na vijiweni: kama hakuna aliyeuawa, na wananchi wenyewe wanashangilia, ubaya uko wapi?

Swali hilo halistahili kubezwa. Mara nyingi huulizwa na watu waliochoka kweli kweli na viongozi wasiojua kuondoka. Lakini ni vigumu kulijibu kwa kutazama mapinduzi ya juzi, kwa sababu matunda yake hayajaiva. Ndiyo maana tumeona tuitazame Thailand. Nchi hiyo ya Asia ilipata mapinduzi mawili ya kijeshi ndani ya miaka minane, mwaka 2006 na mwaka 2014, na yote mawili yalipita bila mapigano kati ya majeshi. Tena ni nchi inayopokea mamilioni ya watalii kila mwaka, kwa hiyo mashahidi wa kigeni walikuwa wengi, kamera zikiwa shingoni.

Tuanze na usiku wa Jumanne, 19 Septemba 2006. Waziri Mkuu Thaksin Shinawatra alikuwa New York kwa Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Huku Bangkok, vifaru viliingia mjini na kuzingira ofisi za serikali na vituo vya televisheni. Thaksin alijaribu kutangaza hali ya hatari kwa njia ya simu kupitia kituo kimoja cha televisheni, lakini matangazo yakakatwa kabla hajamaliza. Baada ya hapo watazamaji wakawa wanaoneshwa picha za familia ya kifalme na kusikilizishwa muziki. Aliyeongoza mapinduzi hayo alikuwa Jenerali Sonthi Boonyaratglin, Mwislamu aliyefikia ukuu wa jeshi la nchi kavu katika nchi ya Wabudha. Hakuna risasi iliyopigwa.

Siku iliyofuata ilitangazwa kuwa mapumziko. Shule, benki na soko la hisa vikafungwa. Mtu angetegemea wananchi wajifungie ndani, lakini walitoka. Askari walikuwa wamefunga utepe wa njano kwenye bunduki na vifaru, na njano ni rangi ya Mfalme Bhumibol, aliyezaliwa siku ya Jumatatu. Kwa Wathai kila siku ya juma ina rangi yake. Wakina mama walileta maua, maji na chakula. Wazazi waliwapandisha watoto juu ya vifaru wapigwe picha. Watalii nao wakajipanga kwa zamu yao. Treni za juu zilitembea, ndege zilitua, masoko yakauza. Kura ya maoni iliyofanywa siku hiyo na taasisi ya Suan Dusit ilionesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya waliohojiwa waliyaunga mkono mapinduzi. Siku tisa tu baada ya vifaru kuingia, uwanja mpya wa ndege wa Suvarnabhumi ulifunguliwa rasmi kama ilivyopangwa.

Utulivu wa namna hiyo hauji wenyewe. Kwanza, jeshi halikugawanyika. Mwezi Julai mwaka huo, maofisa wengi wa ngazi ya kati waliodhaniwa kuwa upande wa Thaksin walihamishwa kutoka vikosi vya karibu na mji mkuu, kwa hiyo usiku ule hapakuwa na kikosi cha kumtetea. Mapinduzi humwaga damu pale bunduki zinapokuwa pande mbili; zikiwa upande mmoja, kinachobaki ni kutii. Pili, kiongozi mwenyewe alikuwa safarini. Tatu, mfalme aliyependwa sana aliwakubali viongozi wapya, na mtu wa kawaida akaona hana la kuongeza. Nne, watu walikuwa wamechoka. Tangu mapema mwaka 2006 kulikuwa na maandamano makubwa, na uchaguzi wa mwezi Aprili ulisusiwa na vyama vya upinzani, kisha ukafutwa na mahakama. Tena Wathai wameyazoea mambo haya: tangu mwaka 1932, mapinduzi ya 2014 yanahesabiwa kuwa ya 12 kufanikiwa. Nyumba yenye wazee iliweza kumweleza kijana nini cha kufanya: nunua mchele, jaza mafuta, sikiliza redio, usibishane na askari.

Hilo la kiongozi kupinduliwa akiwa safarini sisi wa Afrika Mashariki tunalijua. Tarehe 25 Januari 1971 Milton Obote alikuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, na Idi Amin akachukua nchi. Barabara za Kampala zilijaa watu waliofurahi, hasa Buganda, ambako Obote hakupendwa. Wafungwa wa kisiasa waliachiwa. Mmoja wao alikuwa Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, na ambaye Amin alimfanya Jaji Mkuu. Septemba 1972 alikamatwa na askari akiwa Mahakama Kuu, na hakurudi tena kwake. Hatusemi kwamba Thailand ilikuwa Uganda. Haikuwa hata kidogo. Tunasema kwamba shangwe ya wiki ya kwanza ni habari ya wiki ya kwanza tu.

Turudi Bangkok. Mapinduzi ya pili, ya tarehe 22 Mei 2014, yaliyoongozwa na Jenerali Prayuth Chan-ocha, yanaonesha vizuri zaidi jinsi maisha ya kila siku yanavyobanwa pasipo risasi. Siku mbili kabla, saa tisa usiku, jeshi lilitangaza sheria ya kijeshi na kusema si mapinduzi. Jioni ya tarehe 22 likakiri kuwa ni mapinduzi. Ikatolewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwa anayeifahamu Bangkok kwa kuisoma tu, amri hiyo inaonekana ndogo. Lakini Bangkok ni mji wa usiku. Mama lishe wa kule hutandaza meza zake jua likishazama. Dereva wa bajaji hupata abiria wake wazuri baada ya saa tatu. Maduka yasiyofungwa kamwe yalilazimika kutafuta funguo. Kila mtu aliondoka kazini kwa wakati mmoja, na foleni ikawa ya kutisha.

Mtalii aliipata amri hiyo kwa sura tofauti. Aliyekuwa na pasipoti na tiketi ya ndege aliruhusiwa kwenda au kutoka uwanja wa ndege usiku. Tarehe 28 Mei saa za kutotoka nje zikapunguzwa, zikabaki kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi. Tarehe 3 Juni amri ikaondolewa Phuket, Ko Samui na Pattaya, yaani sehemu za fukwe wanakokwenda wageni, wakati Bangkok na mikoa mingine ikingoja hadi tarehe 13 Juni. Utaratibu huo unasema mengi. Mvuvi wa mkoa usio na hoteli alifungiwa siku kumi zaidi ya mwenzake wa Phuket, kwa kosa la kuishi mahali ambapo wageni hawaogelei.

Tusiwe wepesi wa kulaumu hapo, hata hivyo. Utalii ni mkate wa watu wengi. Wenzetu wa Arusha, Moshi na Unguja wanajua kwamba ubalozi ukitoa tahadhari ya safari, anayeumia kwanza ni mpagazi, mpishi na mfua mashuka. Tahadhari ya serikali yake inaweza kumwacha mgeni bila kinga ya bima ya safari, na mgeni asiye na bima hubaki kwao. Watawala wa Thailand walijua hesabu hiyo. Wageni walioingia nchini mwaka 2013 walikuwa milioni 26.5; mwaka 2014 wakashuka hadi milioni 24.8; mwaka 2015 wakapanda karibu milioni 30. Baada ya mapinduzi ya 2006 hata hawakushuka: kutoka milioni 13.8 mwaka huo hadi milioni 14.5 mwaka 2007. Anayetazama takwimu hizo peke yake ataona nchi iliyokohoa mara moja ikapona.

Jeshi lilijitahidi pia kuwafurahisha wenyeji. Lilianzisha kampeni ya kuwarudishia watu furaha, kukawa na muziki viwanjani, chakula cha bure, kunyolewa nywele bure, hata sinema ya bure. Kombe la Dunia la mwaka ule likaoneshwa lote kwenye televisheni bila malipo. Na sisi tukiri, sehemu hiyo ya mpira ingetuteka wengi.

Wakati huo huo ilikatazwa watu watano au zaidi kukusanyika kwa shughuli za kisiasa. Mamia ya wanasiasa, waandishi wa habari na walimu wa vyuo vikuu waliitwa kwa majina kupitia televisheni wajisalimishe. Chini ya sheria ya kijeshi mtu aliweza kushikiliwa hadi siku saba bila kushtakiwa, kisha akatakiwa kusaini kwamba hatajihusisha na siasa. Kesi za raia kuhusu usalama wa taifa na kumkashifu mfalme zikapelekwa mahakama za kijeshi. Wanafunzi walipoona maandamano yamezuiwa, walijaribu kupinga kwa vitendo vidogo: kuinua vidole vitatu, kusoma hadharani riwaya ya George Orwell iitwayo 1984, kula mkate wenye nyama katikati. Nao wakakamatwa. Mtalii aliyepita pale angemwona kijana anakula mkate na askari wanamwondoa kwa upole, na asingeelewa ameona nini.

Hata mwaka 2006, katikati ya maua na picha, palikuwa na mtu aliyekataa. Siku 11 baada ya mapinduzi, dereva mmoja wa teksi, mzee wa miaka 60, aliigongesha teksi yake kwenye kifaru. Aliumia vibaya. Msemaji mmoja wa watawala alisema hakuna mtu mwenye imani ya kisiasa kubwa kiasi cha kuifia. Mwezi mmoja baadaye mzee huyo alijitoa uhai, akiacha barua ya kumjibu msemaji yule. Tunaandika habari hiyo kwa huzuni, si kwa kumsifu. Uhai haukuwa wake kuutupa. Lakini alikuwepo, na katika picha za siku ile ya utepe wa njano hayumo.

Kuna kundi kubwa zaidi ambalo halikuonekana. Hoteli, majengo, mashamba na boti za uvuvi za Thailand hutegemea sana wafanyakazi kutoka nchi jirani, wengi wao bila vibali. Juni 2014 ulienea uvumi kwamba jeshi litawakamata wote wasio na karatasi, baada ya watawala kutoa onyo dhidi yao. Ndani ya wiki chache zaidi ya watu 200,000 wa Kambodia walikimbia kurudi kwao, wengi wakipitia mpaka wa Poipet, wakiwa wamejazana kwenye malori na treni, na mabegi, feni na watoto. Wengi waliondoka bila mshahara wa mwezi ule. Hayo yalitokea siku zile zile ambazo ufukweni Pattaya amri ya kutotoka nje ilikuwa imekwisha kuondolewa na muziki umerudi.

Na deni la 2006 lililipwa baadaye. Serikali iliyochaguliwa baada yake ilipingwa na watu wa mashati ya njano, waliovamia viwanja vya ndege vya Bangkok mwishoni mwa Novemba 2008. Safari hii watalii nao walionja, maana mamia ya maelfu walikwama kwa zaidi ya wiki. Mwaka 2010 walioingia mitaani walikuwa wa mashati mekundu, wengi wao kutoka mikoa ya kaskazini na kaskazini-mashariki iliyompigia kura Thaksin. Jeshi liliwatawanya, na kati ya Aprili na Mei walikufa watu zaidi ya 90. Mapinduzi ya 2014, nayo, yaliahidi uchaguzi baada ya kipindi kifupi. Uchaguzi ulifanyika tarehe 24 Machi 2019, na Jenerali Prayuth akaendelea kuwa Waziri Mkuu hadi 2023.

Kuhusu wale wa Poipet, mwishoni mwa Juni 2014 watawala walifungua vituo vya kuwaandikisha, kwa sababu waajiri walikuwa wanalalamika kwamba kazi zimesimama. Wengi walirudi. Walipanga foleni, wakapigwa picha, wakapewa kadi za muda, wakarudi kwenye majengo waliyoyaacha nusu na kwenye vyumba vya hoteli vilivyokuwa vikisubiri kusafishwa.