Katani na Mpira kwa Ajili ya Vita

Ndugu msomaji, je, nyumbani kwako kuna kamba ya katani? Ishike mkononi. Kamba kama hiyo ilikwenda vitani.

Vita Kuu ya Pili ilianza mwaka 1939. Wakati huo Tanganyika ilitawaliwa na Waingereza. Wananchi hawakuulizwa kama wanataka vita. Lakini walitakiwa kuvichangia.

Mwaka 1942 Wajapani waliteka Malaya, visiwa vya Indonesia na Ufilipino. Sehemu kubwa ya mpira wa dunia ilitoka huko. Nyuzi nyingi za kamba pia zilitoka huko. Lori haliendi bila matairi. Meli haifungwi bila kamba. Basi Waingereza wakageukia Tanganyika.

Watu zaidi ya 80,000 wa nchi yetu waliingia jeshini. Walipigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Habari zao zinajulikana. Habari za waliopelekwa mashambani hazisimuliwi sana.

Serikali ilitunga sheria ya kuchukua watu kwa nguvu wakafanye kazi. Walipelekwa kwenye mashamba ya katani na mpira, hata kama shamba lilikuwa mali ya mtu binafsi. Aliyetoroka alishtakiwa. Wewe ni mkulima, unajua palizi haimngoji mtu. Mume akichukuliwa wakati wa palizi, nani alilima? Mke na watoto.

Tena kulikuwa na mchango usioonekana. Serikali ya Uingereza ilinunua katani yote kwa bei iliyopangwa, chini ya bei ya soko. Mpango huo uliendelea mpaka mwaka 1948, miaka 3 baada ya vita kwisha. Kodi ina stakabadhi. Mchango huu haukuwa na stakabadhi. Wenye mashamba walinung'unika, na walikuwa na haki. Lakini mkata katani alipata kidogo kuliko wote.

Mpira nao una kisa chake. Wajerumani waliupanda upande wa Tanga. Bei ilipoanguka karibu na mwaka 1913, wakauacha, mashamba yakawa msitu. Mwaka 1942 watu walipelekwa kuufyeka msitu huo na kugema tena ile miti ya zamani. Vita vilipokwisha, mpira wa Asia ulirudi sokoni. Miti ya Tanga ikaachwa mara ya pili.

Sisi mabwana shamba tunaujua mti huo kwa sababu nyingine. Ni ndugu wa muhogo. Tazama jani lake, utaona. Kule Amani, katika milima ya Usambara, wataalamu walianza katika miaka ya 1930 kuuchanganya na muhogo ili kupata mbegu inayostahimili batobato. Mbegu nyingi bora za muhogo zinazolimwa Afrika leo zina asili katika kazi hiyo.

Waliogema mpira ule karibu wote wamekwisha kufa. Kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyesimuliwa na baba yake, mwombe akueleze, nawe uandike.