Diploma ya Afya: Karo Itarudi Baada ya Muda Gani?

Matokeo ya KCSE yakishatoka, ushauri huwa mwingi. Mjomba anasema, "Mpeleke KMTC, kazi ya hospitali haikosi." Kabla hujatafakari, chama kimeombwa mkopo na ng'ombe mmoja ameshapata mnunuzi.

Kozi za diploma kama maabara, famasia, fiziotherapia, lishe na eksirei ni kozi nzuri, na nyingi huchukua miaka 3. Sisi hatukuambii usiende. Tunachosema ni kwamba usilinganishe karo na mshahara peke yake. Kuna kitu cha tatu ambacho wengi hawakihesabu: muda wa kusubiri.

Gharama kamili ni ngapi?

Tupige hesabu ya mfano. Hizi si bei za chuo chochote, kwa hivyo weka za kwako.

- Karo: 100,000 kwa mwaka, miaka 3: sh. 300,000
- Nyumba na chakula: 9,000 kwa mwezi, miezi 30: sh. 270,000
- Koti jeupe, vitabu, nauli ya mafunzo hospitalini na ada za mitihani: sh. 50,000

Hapo ni sh. 620,000. Lakini je, kama asingeenda shule angekuwa anafanya nini? Tuseme anasaidia dukani na anabaki na 12,000 kwa mwezi. Kwa miezi 36 hizo ni 432,000 ambazo hatazipata. Gharama ya kweli sasa ni sh. 1,052,000.

Mshahara unaoingia mkononi

Tuseme amepata kazi ya 40,000. Usiandike 40,000 kwenye bajeti! Kwa viwango vya 2025, SHIF inachukua asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, NSSF asilimia 6, kisha PAYE. Anabaki na kama 32,700. Tuzungushe chini iwe 32,000, na hapo hatujagusa HELB.

Toa zile 12,000 za dukani. Diploma imemwongezea 20,000 kwa mwezi. Sasa gawanya 1,052,000 kwa 20,000. Jibu ni karibu miezi 53, yaani kama miaka minne na nusu ya kazi kabla pesa ya familia kurudi. Kwa kazi ya miaka 30 na zaidi, hiyo si mbaya hata kidogo.

Mwaka mmoja wa kusubiri

Hesabu hiyo inadhani kazi ipo siku ya kumaliza shule. Ukweli ni kwamba kuna mtihani na leseni ya baraza la taaluma yako. Maafisa wa kliniki wana mwaka mzima wa mafunzo ya kazi kabla ya kuajiriwa. Tangu 2013 waajiri wakubwa wa serikali ni kaunti, na kaunti huajiri zikiwa na bajeti. Hata ukiajiriwa, angalia ni ajira ya aina gani. Wafanyakazi wa afya waliochukuliwa kwa mkataba wa UHC mwaka 2020 waliishia kuandamana miaka kadhaa baadaye wakidai ajira ya kudumu.

Akikaa mwaka mmoja bila kipato, ongeza 144,000. Sasa inakuwa 1,196,000, na kurudisha pesa kunachukua miezi 60. Jumlisha miaka 3 ya shule, 1 ya kusubiri na 5 ya kulipa: miaka 9 tangu siku ya kwanza darasani. Kama ng'ombe aliuzwa kwa matumaini kwamba huyu atamsomesha mdogo wake baada ya miaka 3, hapo ndipo shida inaanzia.

Fanya haya kabla ya kulipa

1. Uliza baraza la taaluma hiyo kama chuo na kozi vimeidhinishwa. Diploma isiyotambuliwa haikupi leseni, na bila leseni hakuna kazi.

2. Ongea na watu wawili au watatu waliomaliza kozi hiyo hiyo karibuni. Waulize walisubiri miezi mingapi na wanapokea ngapi mkononi.

3. Angalia HELB kabla ya mkopo wa riba kubwa. Riba ya HELB ni asilimia 4 kwa mwaka. Lakini usiisahau ukimaliza, kwa sababu kuchelewa kulipa kuna faini ya kila mwezi.

4. Lipa kwa namba iliyo kwenye barua rasmi ya kujiunga tu. Mtu akikuambia utume pesa kwa namba yake binafsi ili "akushikie nafasi", huyo ni tapeli. Hifadhi kila meseji ya malipo.

5. Weka akiba ya kusubiri. Ukiweka 1,500 kila mwezi kwa miezi 36 ya shule, unamaliza na 54,000. Hizo zitashughulikia ada ya leseni, nauli za kutafuta kazi na kodi ya miezi michache. Kwenye app yetu, ifungulie lengo lake peke yake, mbali na pesa ya karo, isije ikaliwa pamoja nayo.

Kaeni chini kama familia, na kijana mwenyewe awepo. Andikeni namba zenu kwenye karatasi moja. Miaka ikitoka 9 na bado mnaiweza, basi lipeni karo mkijua mnachongojea.