Lugha Inayohama na Mwalimu: Elimu Jumuishi na Suala la Kuwadumisha Walimu wa Elimu Maalumu Nchini Kenya

Elimu jumuishi ni utaratibu unaomwezesha mtoto mwenye ulemavu kusoma katika shule iliyo jirani na kwao, darasani pamoja na wenzake wasio na ulemavu, huku shule yenyewe ikijirekebisha ili imfae. Sharti hili la mwisho ndilo aghalabu husahauliwa. Mtoto asiyeona akiketishwa miongoni mwa wenzake arobaini wanaoona, pasi na kitabu cha breli wala mwalimu anayeyajua maandishi hayo, mtoto huyo hajajumuishwa, amehesabiwa tu.

Nchini Kenya, msingi wa kisheria wa elimu ya aina hii si haba. Tamko la Salamanca la mwaka 1994 lilizihimiza serikali zizifanye shule za kawaida kuwa mahali pa watoto wote. Mwaka 2003 ulileta elimu ya msingi bila malipo na pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unaitaja elimu jumuishi waziwazi katika kifungu chake cha 24. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuzifikia taasisi za elimu zilizojumuishwa katika jamii, na haki ya kutumia lugha ya ishara, breli na njia nyinginezo za mawasiliano zinazomfaa. Sera ya Wizara ya Elimu ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu iliutilia mkazo mwelekeo uo huo.

Hata hivyo, sheria haiingii darasani ikashika chaki. Anayeitekeleza ni mwalimu, na kuhusu mwalimu huyu lipo jambo ambalo mijadala mingi hulipitia juu juu. Stadi zake kuu, hasa anayewafundisha wasioona na viziwi, ni stadi za lugha na maandishi. Stadi hizo huishi ndani yake. Akiondoka, haziachwi kabatini pamoja na vitabu na chaki. Kwa sababu hiyo, suala la kuwadumisha walimu wa elimu maalumu linawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili pengine kuliko wanavyodhani.

Nukta sita

Breli, ambayo wengine huiita maandishi ya nukta nundu, hujengwa kwa kiini chenye nukta sita zilizopangwa katika safu mbili za tatu tatu. Mipangilio inayopatikana ni 63. Mwanafunzi huandika kwa mashine yenye vibonyezo sita, kimoja kwa kila nukta, au kwa kibao na kalamu ya kutobolea. Kwa kibao, huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ikiwa imegeuzwa, ili karatasi ikipinduliwa nundu zisomeke kutoka kushoto kwenda kulia.

Hapa ndipo ujuzi wa mwalimu unapopimwa. Katika breli, herufi e na i ni taswira za kiooni: moja ikigeuzwa huwa nyingine. Herufi h na j nazo ni vivyo hivyo. Mwanafunzi anayetumia kibao akiandika ‘keti’ mahali pa ‘kiti’, au ‘jana’ mahali pa ‘hana’, huenda hana tatizo lolote la msamiati. Ameisahau tu ile hali ya kugeuza. Mwalimu anayeijua breli huligundua kosa hilo mara moja na kulirekebisha kwa sentensi moja. Asiyeijua hana budi kuipeleka insha kwa mtu wa kuinukuu katika maandishi ya kawaida. Itakaporudi, darasa litakuwa limekwisha kuvuka mada mbili, naye mtoto atahukumiwa kwamba hajui tofauti ya nomino na kitenzi. Miongoni mwa wanaoona, kosa hurekebishwa likiwa bado moto. Kwa mtoto huyu hurekebishwa likiwa limepoa, au halirekebishwi kabisa.

Wepesi wa kusoma breli kwa macho kiasi cha kusahihisha daftari jioni ile ile haupatikani kwa cheti. Hupatikana kwa miaka. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, maarufu kwa jina la KISE, imekuwa ikiwaandaa walimu wa fani hii tangu mwaka 1986, na vyuo vikuu kama vile Kenyatta na Maseno vina idara zinazohusika. Mafunzo hayo humpa mwalimu msingi tu. Yanayobaki hufundishwa na daftari za watoto wenyewe.

Mikono inayosema

Upande wa viziwi, mambo ni mazito zaidi. Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha kamili. Haikutokana na Kiswahili wala Kiingereza kilichohamishiwa mikononi. Ina mpangilio wake wa maneno, na hutumia uso na nafasi iliyo mbele ya mwili kama sehemu ya sarufi. Mwanafunzi wa mofolojia ya Kiswahili atavutiwa na kitenzi cha kupa. Pale ambapo Kiswahili hutumia viambishi kutofautisha ‘ninakupa’ na ‘unanipa’, lugha ya ishara huubadilisha mwelekeo wa mkono, kutoka kwa mpaji kuelekea kwa mpewa. Katiba inaitambua lugha hii katika kifungu cha 7, na katika kifungu cha 120 inaiweka pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Bunge.

Katika mtihani wa kidato cha nne, mtahiniwa kiziwi huweza kuifanya Lugha ya Ishara ya Kenya badala ya Kiswahili. Mtaala mpya nao umeziweka lugha hizi mbili katika nafasi moja. Mpango huu ni wa haki. Kasoro yake ndogo ni kuwa umewafanya walimu wengi wa Kiswahili waamini kwamba mtoto kiziwi si mwanafunzi wao, ilhali mwenye usikivu hafifu mara nyingi hubaki katika kipindi cha Kiswahili, akimtazama mwalimu mdomoni.

Ikumbukwe kwamba watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, wasioijua ishara hata moja rasmi. Mtoto wa aina hii huweza kufika shuleni akiwa na umri wa miaka sita au saba bila lugha yoyote iliyokamilika. Mwalimu na wanafunzi viziwi waliomtangulia ndio chimbuko la lugha yake ya kwanza. Kila darasa pia hujiundia ishara zake: majina ya watu, ya vitu vya shule, na ya istilahi ambazo bado hazijasanifiwa. Mwalimu wa pili akiingia, hata akiwa hodari, huzikuta ishara ambazo hakushiriki kuziunda. Mwalimu wa tatu akifuata mwaka huo huo, mtoto huanza kupunguza maneno yake ili yamtoshe mgeni.

Kuondoka kwa namna nyingi

Neno ‘kuondoka’ halina maana moja. Wapo wanaoiacha kazi, wapo wanaohamishwa, na wapo wanaopandishwa cheo wakawa walimu wakuu katika shule za kawaida, ambako breli yao huanza kuota kutu. Namna ya nne haionekani katika takwimu za uhamisho: mwalimu aliyesomea elimu maalumu yupo shuleni, lakini amepewa vipindi vya kawaida kama wenzake wote, na mtoto aliyestahili kuhudumiwa naye humwona akipita ukumbini. Huyu ameondoka bila ya kuondoka.

Mwalimu wa Hisabati akihamishwa, huletwa mwalimu mwingine wa Hisabati. Anayejua breli akihamishwa, huletwa ‘mwalimu’. Hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba orodha za uajiri hazijaihesabu stadi ya lugha kama somo.

Sababu za kuchoka zinajulikana. Mwalimu huyu huandaa mpango wa elimu wa kila mtoto peke yake. Huwasiliana na wazazi, na pia na vituo vya upimaji vilivyoanzishwa nchini kuanzia mwaka 1984. Huwa pia mkalimani katika kila mkutano na mlezi wakati wa maradhi. Zaidi ya hayo, yuko peke yake. Ndiye anayewakosoa wenzake wanaposema ‘kile kipofu’. (Wanaoilaumu ngeli ya KI-VI kwa jumla husahau kwamba kiongozi na kijana wamo humo, kejeli imo katika kukataa upatanisho wa ‘yule kipofu’.) Posho ya walimu wa shule maalumu ni ya haki, na anayeidharau hajawahi kuishi kwa mshahara wa mwalimu. Lakini posho ikifungamanishwa na aina ya shule badala ya stadi na kazi, haitamfikia mwalimu aliye na watoto wawili wasioona katika shule ya kawaida, yaani yule yule ambaye elimu jumuishi inamtegemea.

Hatua nyingine hazihitaji fedha nyingi. Ratiba ikimtengea vipindi vya kusahihisha breli, atadumu. Shule ikiwa na wawili wenye stadi hiyo badala ya mmoja, uhamisho wa mmoja hautalifuta darasa. Ngazi ya vyeo ikimruhusu kupanda akiwa bado darasani, hatalazimika kuchagua baina ya maendeleo yake na watoto. Walimu wasioona na walimu viziwi, ambao Kenya inao, wastahili kutangulizwa katika shule hizi, kwa kuwa kwao breli na ishara ni lugha za maisha.

Idara za Kiswahili vyuoni nazo zina la kufanya kabla ya mwanafunzi kwenda mazoezi ya kufundisha. Tahajia ya Kiswahili hufuata matamshi, na alfabeti yake sanifu haina q wala x. Alama 24 za breli zinatosha kuandika karibu kila neno lake bila vifupisho. Mwanafunzi anayezimudu ngeli zote na viambishi vyake hatashindwa kuzisoma alama hizo kwa macho katika muda wa wiki chache. Kisha ipo kazi inayomsubiri: vitabu teule vya fasihi hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na kila kinapobadilishwa, nakala ya breli huhitaji msomaji wa kuihakiki ambaye anajua tofauti ya ‘hana’ na ‘jana’ katika lugha na vilevile katika nukta.